Joya la nazi, chainizi nyekundu na jani lenye chumvi

Muulize mtoto wa miaka mitano kama mbuzi yuko hai, atakuona huna akili. Muulize kama mwembe uko hai, atasita. Wengi niliowauliza hapa mtaani kwetu Tanga walijibu hapana: mwembe hautembei, hauli, haulii ukipigwa jiwe. Na hao ni watoto ambao tayari wanaweza kuimba sehemu za mmea kuanzia mizizi hadi tunda bila kukosea hata moja. Wimbo wameushika vizuri, lakini mti wenyewe wanauhesabu kundi moja na ukuta na nguzo ya umeme.

Hilo ndilo lililonifanya nipange masomo ya mimea nyumbani jinsi nilivyoyapanga. Nawafundisha wanangu wawili asubuhi, baada ya chai, kabla hawajafikia darasa la kwanza, na likizo zikiingia watoto wa majirani nao hujazana barazani. Maabara sina, na majina ya kitaalamu nayaacha yaje baadaye. Ninachokitafuta ni kimoja: mtoto auone mmea ukiwa kazini. Auone ukinywa, ukikimbilia mwanga, ukilala, ukizaa. Kila tunachofanya kwa mikono nakipima kwa kipimo hicho, na shughuli isiyomwonyesha mtoto mmea ukifanya jambo fulani naiacha, hata ikiwa nzuri kwa macho. Kubandika majani makavu kwenye karatasi kwa gundi, kwa mfano, hatufanyi sana.

Huwa naanza na nazi. Tanga haikosi nazi, na hapa kwetu hakuna mbegu nyingine kubwa kiasi hicho ambayo mtoto anaweza kuipekua yote kwa vidole bila kuhitaji kioo cha kukuzia. Tunakwenda chini ya minazi kutafuta nazi iliyosahaulika hadi ikachipua, chipukizi lake likiwa na urefu wa kiganja. Mjomba wao anaifua kwenye kifuo, watoto wakiwa wamekaa kando, makumbi yanatoka, na hapo wanakabidhiwa. Kazi ya kwanza ni kutafuta yale macho matatu. Mawili ni magumu, ukiyabonyeza hayasikii. La tatu ndilo njia, chipukizi limetokea hapo hapo, na mizizi imeanza kujipenyeza kwenye makumbi kutafuta pa kutokea.

Kisha mjomba anaipasua. Badala ya maji wanakuta joya limejaa fuu zima, jeupe linaloelekea njano, linabonyea, tamu. Watoto wa Pwani wanalijua joya kwa ulimi tangu wadogo, na mikono inanyooshwa mara moja. Mimi naomba jambo moja kabla halijaliwa: niambieni maji yamekwenda wapi. Kimya. Mmoja anaitikisa nusu ya nazi, mwingine anatazama chini kama yamemwagika. Mwanangu mdogo alipoulizwa alilitazama joya, akaligusa, akasema, "Hili limeyanywa." Na ndivyo ilivyo. Joya ni sehemu ya mche wenyewe. Linaingilia kwenye lile jicho laini, linakua ndani ya fuu, linanyonya maji, mafuta na sukari ya nazi na kuvisafirisha hadi kwenye chipukizi, mpaka siku majani yatakapoweza kujitafutia. Ukipitisha kidole kwenye nyama ya nazi pale joya lilipoigusa, utasikia imelainika na inateleza. Nawapa kila mtoto apitishe kidole. Baada ya hapo joya linaliwa, na wakati linaliwa ndipo maswali yanakuja yenyewe: mbona muhindi hauna joya? Mbona embe halina? Nazi tunayokuna kila siku, kumbe ni chakula alichowekewa nani?

Kutoka hapo maharage yanakuwa rahisi. Tunayaloweka jioni, asubuhi ganda linavuka kwa kucha tu. Harage linagawanyika pande mbili, na kwenye ukingo wa upande mmoja kuna kiinitete: mzizi mdogo uliochongoka na vijani viwili vilivyokunjwa, vyeupe, vimelaliana. Mtoto aliyekwisha kuona joya hana shida kuelewa zile pande mbili nene za harage ni za nini.

Mbegu za kuotesha naziweka kwenye chupa tupu za jemu. Kitambaa cha pamba kilicholowa kinazungushwa ndani, na mbegu zinabanwa kati ya kitambaa na kioo ili zionekane kwa nje. Nasisitiza chupa kwa sababu ya subira. Mtoto wa miaka minne akifukia mbegu kwenye udongo leo, kesho ataifukua aone imefikia wapi, na ana haki kabisa, kwani hicho ndicho tunachomtaka afanye: atazame. Chupa inamruhusu kutazama kila saa bila kuua kitu. Tunatia mbegu za aina mbalimbali, maharage, mahindi, choroko na mbaazi, na nyingine tunazitia kichwa chini makusudi. Kwa joto la hapa, choroko huchomoza mzizi kesho yake, maharage siku ya tatu au ya nne. Ile iliyopinduliwa inatoa mzizi kuelekea juu, halafu mzizi unageuka wenyewe na kushuka. Hilo watoto wangu walilitazama kwa mshangao kuliko kitu chochote cha kwenye televisheni. Mzizi ukishafika urefu wa kidole cha mtoto, tunailaza chupa ubavu. Asubuhi inayofuata ncha imeshapinda tena kufuata chini. Hakuna aliyeuambia chini ni wapi, na gizani pia ungefanya hivyo hivyo. Jaribuni usiku, nawaambia, funikeni chupa kwa kanga.

Kuna tofauti nyingine ambayo huwa siitaji, nangoja waione. Harage linapochomoza hunyanyua zile pande zake mbili juu kabisa, zinakaa kwenye shina hadi zinakauka na kunywea. Mbaazi inaziacha chini. Zote ni jamii ya kunde, zote zimetoka kwenye gunia la duka moja, na hazifanani tabia. Mtoto aliyeligundua hili mwenyewe analisimulia hadi wageni wanachoka.

Swali la chakula ndilo gumu zaidi, na hapa ndipo naona vitabu vingi vinakimbia. Muulize mtoto mmea unakula nini, atasema udongo. Hata watu wazima wengi wataanza na udongo. Sasa sisi tuna ndoo iliyopasuka ambayo tunapandia mchicha. Tunakata, unachipua, tunakata tena, tunapika. Nikamuuliza mwanangu mkubwa: kama mchicha unakula udongo, na sisi tumekula mchicha wote ule, mbona ndoo haijawa tupu?

Alikaa na swali hilo siku kadhaa. Nilipoona limeiva nikamsimulia habari ya Jan Baptista van Helmont, tabibu wa karne ya 17 aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Aliukausha udongo, akaupima ratili 200, karibu kilo 90, akaujaza kwenye chungu kikubwa. Akapanda humo mche wa ratili 5 wa mti fulani unaopenda kando ya mito ya Ulaya. Kwa miaka 5 akaumwagilia maji tu. Alipoung'oa na kuupima, mti ulikuwa na ratili 169 na zaidi, kama kilo 77. Udongo nao aliukausha tena na kuupima: ulikuwa umepungua wakia 2, yaani chini ya gramu 60. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, mwenyewe akiwa ameshafariki. Yeye aliamini mti wote umetokana na maji, hewa hakuifikiria. Ilibidi ifike mwaka 1779 ndipo Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba majani mabichi huisafisha hewa yanapokuwa kwenye mwanga tu, gizani hayafanyi hivyo. Hadithi kama hii mtoto wa miaka sita anaifuata vizuri sana mradi ameshika ndoo ya mchicha mkononi. Zile gramu chache zilizopungua ndizo zinazompa sababu ya samadi: chumvichumvi kidogo kutoka kwenye udongo, lakini mwili wenyewe umejengwa kwa hewa, maji na jua.

Jua tunalithibitisha kwa makopo mawili ya choroko, moja dirishani na moja ndani ya kabati. Kabla ya kuyafungia naomba kila mtoto abashiri. Wote husema ya kabatini itadumaa. Tunafungua baada ya wiki, na ya kabatini ni ndefu kuliko ya dirishani, imepita mbali, lakini imepauka, shina jembamba, haiwezi kujisimamia. Wanakasirika kidogo kwamba walikosea, kisha wanaanza kufikiri. Inakimbia, alisema mmoja wao, inatafuta mlango. Imetumia akiba yake yote ya mbegu kurefuka ili ifike kwenye mwanga, na haikujisumbua kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani, kwa kuwa gizani haina kazi. Tukiitoa nje, siku mbili tatu inaanza kugeuka kijani. Tukiiacha ndani, akiba inakwisha na inakufa. Nimewaacha wauone mche mmoja ukifa na hatukuuondoa haraka. Neno usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, nilikuja kuwapa baada ya hapo, na lilikaa.

Kunywa ni rahisi kuonyesha. Rangi nyekundu ya kupakia ubuyu, inayouzwa dukani kwa pesa ndogo, inakorogwa kwenye gilasi ya maji. Jani la chainizi lenye kikonyo kinene cheupe linakatwa upya chini na kusimamishwa humo. Kufikia mchana mishipa ya jani imeanza kuwa myekundu. Ukikata kikonyo kwa upana, unaona nukta nyekundu zimepangana, hayo ndiyo mabomba, na mtoto anaweza kuyahesabu. Siku ya pili tunafunga mfuko mwangavu wa mkate kwenye tawi la mpera, juani, tunaukaza kwa uzi, na tunaurudia baada ya chakula cha mchana. Ndani yake kuna matone. Maji yamepanda na kutoka nje kwa majani.

Kulala ndiko wanakokupenda kuliko vyote, maana kunahitaji kutoka nje usiku na tochi. Majani ya mkwaju hujikunja jioni, mawili mawili yanalaliana, na asubuhi yanafunguka. Tunakwenda kuutazama mkwaju ulioko nyuma ya msikiti baada ya Isha, tunarudi asubuhi na mapema. Kifauongo kinafanya hivyo hivyo mchana kweupe ukikigusa, na kila mtoto wa kijijini anakijua, ila wachache wamewahi kukaa hadi kikafunguka tena. Tulikaa. Si kazi ndogo kumfanya mtoto atulie dakika kumi, lakini kwa kifauongo inawezekana.

Jambo la kuzaa nalifundisha kwa maboga, na kama mzazi ana nafasi ya zao moja tu nyumbani, namshauri apande boga. Linatambaa popote, majani yake ni mboga, na maua yake ni makubwa kiasi cha mtoto kuingiza kidole. Maua ya kwanza kutokea ni ya kiume, yana kikonyo chembamba kirefu, na watu wengi wakiona yanadondoka wanadhani mmea una ugonjwa. Baadaye yanakuja ya kike. Hayo huyakosei, kwa sababu nyuma ya ua kuna kiboga kidogo tayari, cha ukubwa wa ndimu.

Ua la boga hufunguka alfajiri na likishapigwa na jua la saa nne linajifunga. Kwa hiyo tunaamka. Umande bado upo, majani yana vijimiiba vinavyokwaruza mikono, watoto wanalalamika na hawarudi ndani. Tunachuma ua moja la kiume, tunachana petali zote hadi kinabaki kile kijiti cha kati kilichojaa chavua ya manjano. Mtoto anajipaka kidogo kwenye ncha ya kidole: inanata, ni nzito, haipeperuki. Upepo hauwezi kuibeba hii, ndiyo maana boga linamhitaji nyuki. Kisha anakwenda kwenye ua la kike na kugusisha kijiti kwenye kitovu cha ua, taratibu, pande zote. Anafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili tulijue. Ua jingine la kike tunalifunga kwa kitambaa tangu jioni iliyotangulia, nyuki asifike, na hatuligusi.

Katika siku chache, kiboga chenye uzi kimevimba na kuinama. Kile kilichofungwa kimegeuka njano, kimenywea, kinadondoka. Mtoto aliyeyafanya hayo kwa mkono wake anajua kwa nini shamba lisilo na nyuki halina boga, na anajua pia kwa nini mpapai wa jirani unaochanua mikia mirefu ya maua hauzai. Maua ya kiume yaliyobaki tunayatia kwenye nazi pamoja na majani, na mchana tunakula ugali.

Kuhusu sumu sizungumzi kwa mzaha. Mtoto anayefundishwa kugusa na kuonja mimea lazima afundishwe siku hiyo hiyo kwamba hakuna kinachoingia mdomoni kabla mkubwa hajasema ndiyo. Mbegu za mnyonyo zina madoa mazuri na zina sumu kali. Mbegu za mbono kaburi zina ladha tamu kama karanga, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani mtoto haachi kwa moja. Utomvu wa minyaa, ile tunayozungushia ua za nyumba, ukiingia jichoni unaweza kulidhuru vibaya. Nimewapeleka wanangu kwa kila mmea wa aina hiyo ulioko mtaani, wameutazama, wameuchora, na wanautaja kwa jina. Naona hilo linawalinda kuliko kuwatisha kwa jumla. Bibi yao ndiye mwalimu wa upande wa pili: mchunga, tikini, mnavu, nini kinachumwa kando ya njia na nini kinaachwa. Katika hilo mimi nakaa nyuma kama mwanafunzi mwingine.

Lipo jambo ninaloliwekea msimamo mkali. Bustani haiwi adhabu nyumbani kwangu. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba ambayo wanafunzi watajifunzia, waone matokeo ya kazi yao na washiriki kuamua. Wazo lile nalipenda hadi leo. Lakini wengi wetu tunalikumbuka shamba la shule kama mahali pa kupelekwa ukichelewa namba: chukua jembe, palilia matuta mawili, au fyeka nyasi hadi kengele. Mtoto anayekutana na mmea kwa njia hiyo kwa miaka 7 atatoka akijua kwamba mmea ni mateso, na hatutakuwa na sababu ya kushangaa vijana wakikikimbia kilimo. Mtoto wangu akikosea ataadhibiwa kwa njia nyingine. Kumwagilia ni zamu yake kwa sababu mimea ni yake, na asipomwagilia, ataiona ikisinyaa, na ataiona ikiinuka tena baada ya maji.

Mara moja moja tunatoka. Safari ninayoipenda ni ya Tongoni, kusini mwa mji, maji yakiwa yametoka. Wageni huenda kutazama msikiti na makaburi ya kale, sisi tunapita kwenda kwenye mikoko. Mkoko una jambo ambalo miti mingi haina: mbegu yake inaota ikiwa bado mtini. Mche mrefu wa kijani unaning'inia kwenye tawi la mama yake, na ukishakomaa unadondoka, pengine unajichoma kwenye tope hapo hapo, pengine unachukuliwa na maji hadi ufuoni kwingine. Tunaokota iliyoanguka, tunaisimamisha topeni wenyewe, hatukati kitu.

Na mchu, mti mwingine wa kundi la mikoko ulio jirani yake, una mizizi inayochomoza juu ya tope wima ili ipate hewa, watoto wanaruka kati yake kwa uangalifu. Nawaambia walambe jani. Wanadhani nawatania. Wakilamba, nyuso zinabadilika: chumvi! Mchu unanywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani yake, na juani unaweza kuiona inameremeta juu ya jani. Mkubwa wangu alilamba majani ya mchu, ya mkoko, na ya kichaka kimoja cha nchi kavu, moja baada ya jingine, akilinganisha. Ruhusa aliomba kwanza, kila jani. Mchu peke yake ndio uliokuwa na chumvi, akataka kujua mkoko unaipeleka wapi ya kwake. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa inazuiliwa na mizizi, haiingii kabisa. Akainama kuitazama mizizi ya mkoko, akasema kwa hiyo ina chujio.

Kwa anayetaka kuanza, mbegu za jikoni zinatosha kabisa, na chupa za jemu zinaweza kuanza hata leo usiku. Maboga ndiyo yanayotaka mpango. Ukiyapanda hapa Pwani mvua za vuli zinapoanza mwezi wa Oktoba, maua ya kike yatatokea kuelekea Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hata watoto wa majirani watakuwa na nafasi ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili yake. Nunua uzi mwekundu mapema.